Safari ndefu, betri fupi

Ikiwa umeketi sebuleni na chai yako ya Jumapili, sogea kidogo nikusomee barua. Imetoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Buruburu, hapa jijini Nairobi. Binti yake, kifungua mimba, amepata nafasi ya kusomea uhandisi katika chuo kimoja huko Punjab, India, na anaondoka mwezi ujao. Katika nyumba hiyo hakuna mtu mwingine aliyewahi kupanda ndege. Mama ana shilingi 45,000 mkononi, zamu yake ya chama, na anasema waziwazi kwamba hakuna nyingine zitakazopatikana hadi mwaka uishe. Binti anataka simu moja ya bei hiyo hiyo, ile yenye kamera tatu mgongoni. Mjomba mtu anashauri tabuleti. Jirani naye anauza kipakatalishi cha mkono wa pili. "Ninunue nini," auliza mama huyo, "ambacho hakitamwacha mwanangu njiani?"

Nimeyasoma maneno hayo ya mwisho mara tatu. Watu wengi wakiniandikia kuhusu simu na kompyuta huniuliza ipi ni nzuri, ipi ni ya kisasa, ipi haitawaaibisha mbele ya wenzao. Mama huyu ameuliza swali la msafiri. Nitamjibu yeye, lakini nawe uliye na safari ya Kampala, Dar es Salaam, Lodwar au London tega sikio, kwa maana mambo ni yale yale.

Kwanza nikupe kisa changu, ili ujue kwamba sisemi haya kwa kuyasoma vitabuni tu.

Mwaka wa 2011 nilisafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam kumwona binamu yangu. Nilikuwa nimejinunulia simu mpya yenye kioo kipana, na kutwa nzima niliichezea kama mtoto aliyepewa pipi. Nilipiga picha za Mlima Kilimanjaro kupitia dirishani, nikasikiliza muziki, nikasoma habari. Kumbe basi nalo lilikuwa na yake. Tulikwama njiani kwa saa nyingi gurudumu likishughulikiwa, na tulipofika Korogwe simu ilikuwa imekwisha kukata roho. Niliteremka Ubungo, kilikokuwa kituo cha mabasi ya mbali wakati huo, saa tano za usiku. Binamu alikuwa ameniambia, "Ukifika tu, nipigie." Nipige na nini?

Muuza chai mmoja alinihurumia. Chaja yake, hata hivyo, ilikuwa na kijipini chembamba cha simu za kizamani, na simu yangu ilitaka kingine. Basi nikajiona mjanja. Nilichomoa laini yangu nikaitia katika simu yake ndogo. Nikafungua orodha ya majina, nikakuta patupu! Nambari zote nilikuwa nimezihifadhi katika kumbukumbu ya simu, wala si katika laini. Kichwani mwangu nilikuwa na nambari moja tu, ya mke wangu. Nikampigia Nairobi usiku huo, naye akamtafuta binamu, binamu akaja kunichukua saa nane na nusu za usiku. Mpaka leo nikitaka kununua chombo chochote cha elektroniki, mama watoto huniuliza, "Kitafika Ubungo?"

Mimi ni mwanamume mzima, nilikuwa katika nchi ninayoelewa lugha yake, tena chai nilipewa bure. Sasa mfikirie msichana wa miaka 19 akiteremka Delhi peke yake.

Kwa hivyo mama, kabla ya kuingia dukani, chukua kalamu uandike saa za safari. Usiandike kilomita. Kutoka Buruburu hadi uwanja wa ndege na kusubiri pale, weka saa 4. Nairobi hadi Dubai, karibu saa 5. Kusubiri ndege ya pili, tuseme saa 6. Dubai hadi Delhi, saa 3 na zaidi. Foleni ya pasipoti na mizigo, saa 2. Gari moshi hadi Punjab, saa 6. Ongeza teksi za huku na huku, na utaona kwamba binti atakuwa njiani saa 27 hivi mambo yakienda sawa. Hapo hatujahesabu ndege kuchelewa.

Kisha, mbele ya kila kipande cha safari, andika kama kuna mahali pa kuchomeka chaja. Uwanja wa ndege papo, ukipata nafasi. Ndani ya ndege za masafa marefu mara nyingi papo, kwenye kiti. Foleni ya pasipoti hapana. Garini moshi papo na hapana, kwani mwaka wa 2021 reli ya India ilitangaza kwamba matundu ya kuchaji mabehewani yazimwe kati ya saa tano za usiku na saa kumi na moja alfajiri, kwa kuhofia moto. Pengo refu kuliko yote kati ya chaji moja na nyingine ndilo litakalokuambia ununue nini. Kwa binti huyu naliona pengo la saa 10 au 12, kuanzia anapoteremka ndege ya pili mpaka afike bwenini, na ndio wakati atakaohitaji simu kuliko wote, kwa ramani, kwa barua ya chuo, kwa kumpigia mwenyeji na kukuambia wewe kwamba amefika.

Tuanze na simu yenyewe. Sitataja aina, maana nikitaja leo, kesho itakuwa imetoka nyingine. Tazama mambo manne. Betri iwe ya miliampea-saa 5,000, zile zinazoandikwa mAh, na simu nyingi za bei ya kadiri siku hizi zimefikia hapo. Iwe na nafasi mbili za laini. Iwe na mtandao wa 4G angalau. Na tundu lake la kuchajia liwe la USB-C, lile la duaradufu ambalo waya huingia juu chini au chini juu. Kamera ya tatu haina kazi Punjab.

Laini mbili ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Vijana wengi wakifika ugenini hung'oa laini ya Kenya na kuitupa mkobani, halafu benki inatuma nambari ya siri kwa ujumbe mfupi, na ujumbe unaenda kwa laini iliyolala. Pesa za M-Pesa nazo ziko kwenye laini hiyo hiyo. Laini ya Kenya ikae mahali pake, ya India iwekwe pembeni mwake, na kabla ya kuondoka binti apige simu kwa kampuni ya laini yake ahakikishe kwamba itafanya kazi nje ya nchi.

Kuna wanaoniambia, "Bwana, chukua mulika mwizi uiweke mfukoni, inakaa na chaji juma zima." Ni ushauri mzuri, nami nimeufuata miaka mingi. Simu kama Nokia 1100, iliyotoka mwaka wa 2003 na tochi yake kichwani, zimewaokoa wasafiri wengi wa Afrika Mashariki. Lakini jihadhari. Simu hizo nyingi hutumia 2G pekee, na kuna nchi ambazo 2G imezimwa. Kampuni ya AT&T ya Marekani ilizima yake mapema 2017. Singapore ilizima mwaka huo huo. Australia ilikwisha kuzima 2G, na mwaka wa 2024 ikazima hata 3G. Huko India kuna mitandao iliyobaki na 2G, lakini Jio, ulioanza mwaka wa 2016, haukuwahi kuwa nayo. Ukienda Kampala au Dar, chukua kabambe yako bila wasiwasi. Ukienda mbali zaidi, uliza kwanza, la sivyo utakuwa umebeba tochi.

Sasa tufike kwenye kile kijisanduku cha kuwekea umeme wa akiba ambacho vijana wanakiita pawabenki. Hapa nataka tukae kitako, kwa kuwa ndipo pesa za watu wengi hupotelea, na ndipo msafiri wa ndege huweza kuingia matatani.

Ukitembea Luthuli Avenue utaonyeshwa pawabenki zilizoandikwa 10,000, 20,000, hata 50,000. Muuzaji atakwambia ile ya 10,000 itaijaza simu yako ya 5,000 mara mbili. Hesabu ya darasani inakubali. Hesabu ya kweli inakataa. Betri za ndani hutoa volti 3.7, nayo simu huchajiwa kwa volti 5 au zaidi, na katika kugeuza huko umeme mwingine hupotea kama joto. Ndiyo sababu pawabenki ikipata moto mkononi. Kwa kawaida ile ya 10,000 itaijaza simu ya 5,000 mara moja na kidogo. Ya 20,000 itaijaza mara mbili na nusu hivi. Ikiwa mtengenezaji ni mkweli, utaona kwa maandishi madogo nambari ya pili iliyo pungufu, kwa mfano 6,000 kwenye ile ya 10,000. Nambari hiyo ndogo ndiyo ya kuamini, na pawabenki inayoiandika mimi huiheshimu.

Na zile za 50,000? Hebu tuipime kwa mkono. Betri moja ya duara, ile inayofanana na jiwe la tochi lililonenepa, ina uzani wa gramu 45 hadi 50, na iliyo bora kabisa hubeba kama 3,500. Ili kupata 50,000 unahitaji betri 15, yaani zaidi ya nusu kilo kabla hujaweka hata sanduku lake. Ukiinua kitu kilichoandikwa 50,000 na ukaona ni chepesi kama kipande cha sabuni, mrudishie mwenyewe, umshukuru, uende zako. Nimesikia za wengine kufunguliwa na kukutwa na mchanga ndani ili uzani utimie, kwa hivyo hata mizani si hakimu wa mwisho. Dawa ni kununua kwa mtu mwenye duka na risiti, ukaijaribu nyumbani majuma mawili kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari.

Hata kama ile ya 50,000 ingekuwa ya kweli, binti asingeruhusiwa kuipandisha ndege. Mashirika ya ndege hupima kwa wati-saa, kipimo kinachoandikwa Wh. Chukua mAh, zidisha kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Ya 10,000 ni Wh 37. Ya 20,000 ni Wh 74. Ya 27,000 inagonga 100, na hapo ndipo mpaka ulipo kwa abiria wa kawaida. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege. Zaidi ya 160 hairuhusiwi. Ile ya 50,000 ni Wh 185. Afisa wa ukaguzi hatafungua kuona kama ni mchanga. Atasoma maandishi, ataichukua, atakutakia safari njema. Ile isiyo na maandishi yoyote yaweza kuchukuliwa vile vile, kwa sababu hana njia ya kuipima.

Mpaka huo wa 100 ndio uliofanya watengenezaji wa vipakatalishi vikubwa kuishia Wh 99 na nukta kadhaa katika betri zao. Vya kawaida vina 40 hadi 60, kwa hivyo hapo usihofu.

Pawabenki isiwekwe kamwe katika sanduku linalokwenda tumboni mwa ndege. Ibebwe mkononi. Watu hunung'unika kuhusu sheria hii, wakidhani ni ukorofi wa wakaguzi. Betri za lithiamu zikiharibika ndani hupata joto, joto huzaa joto jingine, na moto wake ni mkaidi sana. Tarehe 3 Septemba 2010, ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747 ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka kutoka Dubai, marubani wake wawili wakafa. Ilikuwa imebeba shehena yenye betri za lithiamu, na wachunguzi walielekeza kidole huko. Tarehe 28 Januari 2025, ndege ya abiria ya Air Busan iliungua ikiwa bado ardhini katika uwanja wa Gimhae, Korea Kusini. Watu wote walitoka wakiwa hai. Wachunguzi walisema huenda moto ulianzia kwenye pawabenki iliyokuwa katika kabati la juu ya viti. Moshi ukianza mbele ya macho ya wahudumu, wanaweza kumwaga maji na kupoza betri. Ukianzia chini kwenye mizigo, nani ataona?

Baada ya mambo kama hayo, mashirika mengi yamekaza kamba. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025, Emirates walikataza kutumia pawabenki ndani ya ndege, si kuchajia simu wala kuichaji yenyewe. Waliruhusu abiria kubeba moja tu isiyozidi Wh 100, ikae mfukoni mwa kiti au chini ya kiti cha mbele, isiwe kwenye kabati la juu. Kwa kuwa binti atapitia Dubai, mama, muulize wakala aliyewauzia tiketi sheria ya shirika lenu inasemaje wiki hiyo ya safari, maana kila shirika lina yake na hubadilika. Kwa vyovyote, mnunulie ya 20,000, iwe moja. Aijaze nyumbani, aiguse tu baada ya kuteremka Delhi. Akiwa angani achaji simu kwa tundu la kiti chake, na kwa ajili hiyo waya wa kuchajia uwe katika mkoba wa mkononi. Nimeshuhudia mtu aliyeuweka waya katika sanduku kubwa akikodolea macho tundu la kiti safari nzima.

Wasafiri wa basi, nanyi msijidanganye na vijitundu vya USB vilivyo kando ya viti. Vingi hutoa wati 2.5 hivi. Simu yenye betri ya 5,000 inahitaji Wh 19 kujaa, kwa hivyo utakaa karibu saa 8 usiiguse. Ukiitazama filamu huku inachaji, asilimia itasimama pale pale au itarudi nyuma.

Tukitoka hapo twende kwenye plagi. Chaja yetu ya Kenya ina meno matatu ya pembe nne, urithi wa Mwingereza. Itaingia Uganda, itaingia Dubai na Oman, na Tanzania kwa sehemu kubwa. India matundu ni ya duara, na chaja ya hapa haiingii hata ukiibembeleza. Rwanda, Ethiopia na Ulaya bara nako ni meno mawili ya duara. Marekani ni meno mawili bapa. Kijiadapta cha nchi unakokwenda kinunuliwe hapa, kwa utulivu, ukiwa na muda wa kukichomeka uone kama hakilegei. Kwa binti huyu kiwe kile cha India. Vile vidubwasha vya kujifanya vinaingia dunia nzima mara nyingi hulegea kila mahali.

Adapta, hata hivyo, hubadilisha umbo tu, haibadilishi nguvu za umeme. Mjomba wangu mmoja alirejea kutoka Marekani na mashine ya kukaushia nywele, zawadi ya mkewe. Akaipatia adapta, akachomeka. Ilinguruma kama pikipiki inayopanda mlima, ikatoa moshi wa samawati, na nyumba ikanuka nywele zilizoungua ilhali hakuna kichwa kilichoguswa. Marekani umeme ni volti 120, kwetu ni 240. Chukua chaja yako, igeuze, usome maandishi madogo kando ya neno INPUT. Ikiwa imeandikwa 100-240V, itafanya kazi nchi yoyote, na chaja nyingi za simu na vipakatalishi ziko hivyo. Vyombo vya kupasha moto, yaani birika, pasi, vikaushia nywele, aghalabu haviko hivyo. India ni volti 230, kwa hivyo pasi ya Nairobi ingefanya kazi kule. Lakini ya nini kubeba pasi? Punjab kuna pasi.

Kuhusu USB-C, nilisema hapo juu simu iwe nayo, na sababu ni mzigo. Umoja wa Ulaya ulilazimisha simu na tabuleti mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu hilo kuanzia tarehe 28 Desemba 2024, na Apple walikuwa wamekwisha kulitia katika iPhone 15 mwaka wa 2023. Maana yake kwa msafiri ni kwamba chaja moja na waya mmoja zaweza kulisha simu, pawabenki, visikizio, hata kipakatalishi ikiwa nacho kina tundu hilo na chaja ina nguvu za kutosha. Na ukikwama Ubungo yako, mtu aliye karibu atakuwa na waya wa kukuazima. Nunua nyaya mbili, fupi na ndefu. Waya ndicho kitu kinachokufa kwanza katika safari, tena bila kuaga.

Tabuleti ya mjomba, samahani mjomba, iache. Ni nzuri kwa kutazama filamu, lakini mwanafunzi wa uhandisi atahitaji programu za kuchora na kuhesabu ambazo tabuleti za bei hiyo haziwezi. Kipakatalishi cha jirani nakipenda zaidi, kwa masharti. Mwambie akiwashe mbele yenu bila waya. Kama kinatumia Windows, binti afungue ule ukurasa mweusi wa amri na kuandika powercfg /batteryreport. Kompyuta itaandika ripoti na kusema ilipohifadhiwa. Mkiifungua mtaona nambari mbili, uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Kama ilizaliwa na 50,000 na sasa imebaki 40,000, bado ina uhai. Kama imebaki 15,000, ni mgonjwa mahututi, na mkiamua kukinunua basi bei ya betri mpya itolewe katika bei ya jirani. Jirani mwema hatakasirika. Na mkipime kilo. Mashirika mengi huruhusu mizigo ya mkononi kilo 7 tu, na kipakatalishi kinene cha kizamani pamoja na chaja yake ya tofali vyaweza kula kilo 3.

Visikizio? Vya waya, vya bei nafuu, vitatosha. Havihitaji chaji, na vinaingia katika tundu la sauti la ndege nyingi. Zamani safari za usiku tulizipitisha na Walkman, ambayo Sony waliitoa mwaka wa 1979, na ilipoanza kuimba kwa sauti ya mlevi tulijua betri zimechoka, tukazianika juani mapumziko yajayo. Onyo langu ni moja. Kituoni usizibe masikio yote mawili. Tangazo la kubadilishwa mlango wa ndege halirudiwi kwa ajili yako.

Joto pia ni adui. Punjab wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40, na watengenezaji wengi wa simu hawataki chombo chao kitumiwe penye zaidi ya 35. Simu isichajiwe juani dirishani, wala kufunikwa na mto ikichaji usiku.

Lakini hata uende tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ipo siku betri zote zitakwisha, au simu itaibwa. Kwa sababu hiyo, mama, kitu cha mwisho katika orodha yangu hakina umeme. Mnunulie daftari dogo la mfukoni. Aandike kwa kalamu nambari yako, ya mjomba, ya ofisi ya chuo inayopokea wageni, ya ubalozi wa Kenya mjini New Delhi, na anwani kamili ya bweni. Barua ya chuo, tiketi na nakala ya pasipoti zichapishwe karatasini. Katika viwanja vya ndege vya India, walinzi wa mlangoni hutaka kuona tiketi na kitambulisho kabla hujaingia ndani ya jengo, na mwenye simu iliyozimika hubaki nje akijieleza. Ramani ya njia aipakue katika simu akiwa bado Nairobi, ili aitumie bila intaneti.

Sasa zile 45,000. Mimi ningezigawa hivi. Nusu hivi iende kwa kipakatalishi cha jirani, kama kitapita mtihani wa betri na kama jirani atakubali kushusha bei. Theluthi iende kwa simu. Kinachobaki kinunue pawabenki ya kweli, chaja moja nzuri, nyaya mbili, adapta ya India na daftari. Usimnunulie siku ya mwisho. Mpe vyote majuma mawili kabla, kisha Jumamosi moja mwambie atoke nyumbani asubuhi na simu, pawabenki na mkoba ule ule, azunguke jijini, aende Ngong, arudi kupitia Thika, afanye yote atakayofanya njiani, asichaji ukutani hadi usiku uingie. Akirudi Buruburu simu ikiwa hai, atafika.

Binti atanuna kuhusu kamera tatu. Mwambie nimesema mimi, nami nitabeba lawama. Kabla hajaondoka mwambie pia akutajie nambari yako kwa kichwa, mara tatu, bila kuitazama simu.

Juma lijalo nitamjibu mwanafunzi wa Nakuru aliyeuliza kwa nini redio ya babu yake hukoroma kila taa ya jikoni inapowashwa. Huyo ameniletea kazi!